Nahodha Aliyekata Kamba

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025, habari za kifo cha mwanaanga Jim Lovell zilinikuta Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nimekaa mchangani na baba mdogo. Mzee wa watu alikuwa amefariki tarehe 7 huko Illinois, Marekani, akiwa na miaka 97. Juu yetu mwezi ulikuwa umebakiza saa chache tu ukamilike. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa maana yake. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa, na ziwa linabaki tupu.

Lovell alikuwa mwanaanga wa kwanza kusafiri anga za juu mara nne, na ndiye mtu pekee aliyefika Mwezini mara mbili bila kuukanyaga hata mara moja. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1968, kwa Apollo 8, yeye na Frank Borman na Bill Anders. Safari ile haikupangiwa kutua. Waliuzunguka Mwezi mara kumi wakarudi nyumbani. Mara ya pili ndiyo ilikuwa zamu yake. Apollo 13, Aprili 1970, yeye akiwa nahodha. Sehemu ya kutua ilishachaguliwa.

Wengi waliomwandikia tanzia walimtaja kama mtu aliyeukosa Mwezi. Maneno hayo yananiuma, na nitasema kwa nini.

Walikuwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka Duniani tangi la oksijeni lilipolipuka. Oksijeni ile ndiyo iliyokuwa ikiwapa pumzi, umeme na maji, vyote vitatu kwa mpigo. Chombo kikubwa kikaanza kufa mikononi mwao. Lovell na wenzake, Fred Haise na Jack Swigert, wakahamia kwenye kile chombo kidogo cha kutulia Mwezini, walichokiita Aquarius. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya watu wawili na siku mbili hivi. Kikabeba watatu kwa karibu siku nne. Walizima kila kitu kilichoweza kuzimwa, baridi ikawa kali hata usingizi haukuja, na maji yakapimwa: kila mtu chini ya robo lita kwa siku. Hewa waliyoitoa wenyewe puani ikaanza kuwa sumu, na vichujio vilivyobaki vilikuwa vya mraba ilhali matundu ya Aquarius ni ya duara. Wahandisi waliokuwa kituo cha kuongozea safari, Houston, wakawaelekeza kwa redio namna ya kuviunganisha kwa mifuko ya plastiki, makaratasi magumu, mirija ya hewa ya mavazi yao na gundi ya utepe. Ni kazi ambayo fundi mtumbwi wa hapa Kibirizi angeielewa bila mkalimani. Ulichonacho ndani ya chombo ndicho utakachozibia.

Kuna saa moja katika safari ile ambayo mimi huirudia sana. Njia ilikuwa imepinda na ilibidi inyooshwe, lakini kompyuta ilikuwa imezimwa ili kuokoa umeme. Lovell akaiweka Dunia katikati ya dirisha, akaishika hapo kwa mkono wake, Haise akimsaidia, huku Swigert akihesabu kwa saa yake ya mkononi. Injini ikawaka sekunde 14. Dirisha, Dunia, saa ya mkononi.

Na haikuwa mara yake ya kwanza kutafuta njia gizani. Akiwa rubani kijana wa jeshi la majini, usiku mmoja karibu na Japani, taa zote za ndani ya ndege yake zilizimika ghafla na hakuiona meli aliyotakiwa kutua juu yake. Lile giza ndilo lililomwokoa. Chini, baharini, akauona mstari hafifu wa mwanga: viumbe wadogo wanaowaka maji yakivurugwa, na aliyeyavuruga ni meli yake. Akaufuata mstari ule mpaka nyumbani.

Sasa nirudi ziwani. Nikiwa darasa la nne, baba mdogo alikuwa nahodha wa maboti ya dagaa. Usiku mmoja wa Julai kusi ilivuma, wavu ukiwa majini, maji yakiingia. Akakata kamba. Wavu mzima ukazama, naye akawarudisha vijana wake watano alfajiri, mabeseni ya kina mama waliokuwa wakisubiri yakiwa matupu. Tajiri mwenye maboti alimdai wavu, akamwondoa. Mtaani kwetu aliitwa mwoga kwa miaka. Wale vijana watano leo wana wajukuu.

Ndiyo maana nasema Lovell asililiwe kama mtu aliyekosa kitu. Nahodha anayeugeuza mtumbwi wakati hasara bado ni ya wavu tu anastahili heshima ileile tunayompa anayerudi na shehena, na matajiri wetu wanapaswa kuacha kuwakata gharama ya mafuta manahodha wa namna hiyo. Tumezika watu Kigoma hii kwa sababu mtu aliogopa kurudi mikono mitupu kuliko alivyoogopa wimbi.

Nilimsimulia baba mdogo habari yote ile usiku ule. Alisikiliza kama anavyosikiliza habari za ziwa, akiuliza vitu vya kazi.

"Hicho kidogo kilichowabeba, walifika nacho?"

Hapana, baba, nikamwambia. Walikiachilia kabla ya kuingia kwenye hewa ya Dunia, maana hakikutengenezwa kuhimili joto lile. Wao walishuka kwa sehemu ya kile kikubwa, kwenye Pasifiki, tarehe 17 Aprili.

"Wote watatu?"

"Wote."

Akanyamaza, akachora kitu mchangani kwa kidole.

"Na tajiri wao aliwaambiaje?"

Nikamwambia kwamba siku iliyofuata Rais wa Marekani mwenyewe, Nixon, alipanda ndege hadi Hawaii, akawavisha nishani.

Baba mdogo hakusema neno. Aliutazama mwezi muda mrefu, kisha akaniomba nimrudilie pale mwishoni.