Kibali adimu cha elki kikishatoka, tarajia nini?

Kuna kibali ambacho mtu wa majimbo ya Utah au Colorado, Marekani, anaweza kukiomba kila mwaka tangu ujana hadi mvi zimtoke: kibali cha kuwinda dume la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, katika kitalu chenye nafasi za kuhesabika. Siku jina linapotoka, wengi tayari wamemwona mnyama wao kichwani, dume amerudisha shingo nyuma, pembe zinagusa makalio. Makosa huanzia hapo. Ninavyoona, kibali cha namna hii kinakupa siku chache mahali penye wawindaji wachache na madume walioachwa wakazeeka kidogo. Hakikuahidi pembe za kiasi chochote, na anayepanga safari kama vile ameahidiwa hurudi na uchungu hata alipokuwa amewinda vizuri.

Aliyezoea habari za Tanzania, ambako kitalu hukodishwa kwa kampuni na mgeni hulipia mnyama mmoja mmoja, ajue Marekani ni tofauti. Wanyama ni wa umma, kila jimbo linachezesha droo yake, na vibali vinavyouzwa kwa mnada ni vichache sana. Dereva wa teksi anayeishi Salt Lake City huomba kwenye droo ileile anayoomba tajiri wa jirani.

Kanuni za droo ndizo zinazopaswa kuongoza matarajio, na kila jimbo lina zake. Colorado hutazama kwanza aliyekusanya pointi nyingi; kwa vitalu 2, 10 na 201, kule kona ya kaskazini-magharibi, kibali cha dume kwa bunduki huhitaji zaidi ya pointi 20, yaani miaka zaidi ya 20 ya kuomba na kukosa. Utah huwapa wenye pointi nyingi zaidi nusu ya vibali, na nusu iliyobaki huchezeshwa kwa wote, kila pointi ikiongeza nafasi. Nevada huzipigia pointi kipeo cha pili. New Mexico haina pointi kabisa: asilimia 84 ya vibali ni ya wakazi, 10 ya wanaokwenda na waongozaji waliosajiliwa, 6 ya wageni kutoka nje ya jimbo. Anayeanza leo akiwa na miaka 50 asingepaswa hata kuuliza mara mbili. Aombe New Mexico kila mwaka, kwa sababu pale aliyeanza jana na mkongwe wa miaka 30 wako sawa.

Mahali penye pointi, fanya hesabu kabla ya kujipa moyo. Tuseme kitalu kina vibali 8 kwa wageni, 4 kati yake ni vya wenye pointi za juu, na kwenye ngazi ya juu kabisa wamesimama watu 200. Kwa 4 kila mwaka, hao 200 watamalizika baada ya miaka 50. Wewe uliye ngazi sita chini yao hujaanza hata kuhesabiwa. Wakati huohuo waombaji wanaongezeka, kwa hiyo kiwango cha pointi kinachotakiwa kinapanda karibu kwa kasi ileile unayokusanya zako. Ndiyo maana nashikilia kwamba pointi 8 au 10 zitumike kwenye kitalu cha wastani ungali na magoti mazima. Kusubiri kitalu cha sifa mpaka miaka 68, kisha kupanda mlima wa mita 3,000 na mzigo mgongoni, hakumfai mtu. Tena Utah ukishapata kibali cha dume cha aina hii, pointi zako zinafutwa na unakaa miaka 5 bila kuruhusiwa kuomba tena.

Sasa pembe. Boone and Crockett, klabu ya Marekani inayotunza rekodi za wanyama wa kuwindwa, hupima kwa inchi: urefu wa shina la kila pembe, urefu wa kila tawi, mizunguko minne ya shina kila upande, na upana wa ndani kati ya pembe mbili. Chukua dume mwenye matawi sita kila upande. Mashina inchi 50 na 50, jumla 100. Matawi ya upande mmoja 16, 16, 14, 19 na 11, jumla 76, pande mbili 152 (ncha ya shina yenyewe ndiyo ya sita, na imeshahesabiwa ndani ya shina). Mizunguko 27.5 kila upande, jumla 55. Upana 40. Hapo ni 347. Kwa mnyama wa pembe za kawaida, tofauti kati ya kulia na kushoto hukatwa, kwa hiyo anaweza kushuka hadi 340. Huyu ni dume mkubwa kweli. Ukimkuta asubuhi amesimama kwenye uwazi anapiga mbinja, pumzi yake ikionekana kwa baridi, mikono itatetemeka. Na bado yuko mbali na 375, kiwango cha kuingia kwenye kitabu cha kudumu cha rekodi zao. Dume aliyeuawa Monroe, Utah, mwaka 2008 alifika 478 na 5/8. Mnyama wa namna hiyo hatumiki kupangia safari.

Katika kitalu kizuri, dume aliyekomaa wa 300 hadi 330 ndiye matarajio ya haki. Wa 350 yupo, lakini watu wengi wenye kibali kilekile humaliza msimu bila kumwona kwa umbali wa kupiga. Sababu kubwa ni umri. Pembe za elki hufikia kilele kati ya miaka 8 na 12 hivi, na si madume wengi wanaofika huko hata pale wanapolindwa. Utah huweka lengo la umri kwa kila kitalu, na wawindaji hutuma meno ya mbele ya chini. Maabara hukata mzizi na kuhesabu pete zake kama za mti. Takwimu hizo ziko wazi kwa umma. Zisome za miaka mitatu ya mwisho, na utazame pia kama idadi ya vibali imeongezwa. Sifa ya kitalu hudumu muda mrefu kuliko madume walioileta: jimbo linaongeza vibali, wazee wanapigwa, wastani wa umri unashuka, na watu bado wanasimulia habari za miaka kumi iliyopita. Ukame wa masika nao hupunguza pembe za mwaka huo, kwa kuwa zinaota zote upya kuanzia majani yanapochipua hadi Agosti.

Msimu una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kibali cha bunduki cha katikati ya Septemba, siku tisa hivi kule Utah, kinakuta madume wakiita na kukusanya majike. Ndicho kigumu kupata. Cha gobore hufuata mwishoni mwa Septemba. Cha Novemba ni rahisi zaidi kwenye droo, lakini madume wakubwa wamekonda, wamejitenga kwenye makorongo mabaya, hawaiti, na wengi wamevunja matawi kwa kupigana. Tawi la nne likikatika, umepoteza inchi 19 kwa mkupuo. Tena usidhani kitalu ni chako peke yako: vitalu vingi hivyo vya Utah huingia pia wanaowinda madume wachanga wa elki wenye pembe zisizo na matawi, na wanaowinda paa au elki majike. Barabara itakuwa na magari.

Kosa la upelelezi nalitaja kwa sababu linawaumiza hata waliojitahidi. Mtu anakwenda Julai, anawakuta madume watano pamoja kwenye majani ya juu, anaweka alama kwenye ramani, anarudi Septemba na hawapo. Kufikia wakati huo wamekwenda kwa majike, pengine kilomita 15 kutoka pale. Julai inakuambia wapo na wana ukubwa gani. Mahali pa kuwatafuta ni penye maji na majike siku tatu au nne kabla ya msimu. Piga simu kwa mtaalamu wa wanyama wa wilaya hiyo pia, lakini umuulize majike huwa wapi wiki ya pili ya Septemba. Hilo atalijibu.

Upepo utakuponza zaidi ya macho yao. Alfajiri hewa baridi hushuka mlima, na elki hutoka malishoni wakipanda kuelekea msituni huku upepo ukiwapiga usoni. Ukiwafuata kutoka chini uko salama mpaka jua lishike mteremko, saa tatu hivi. Hapo hewa inageuka na kupanda, na harufu yako inawatangulia kufika. Ikikaribia saa hiyo hujawafikia, acha, zunguka ubavuni au subiri jioni.

Amua kiwango chako kabla ya kuondoka nyumbani, na ukiandike. Ushauri wangu kwa msimu wa siku tisa: siku tatu za kwanza mpige yule tu ambaye ungemfurahia maisha yako yote, kuanzia ya nne, dume yeyote aliyekomaa mwenye matawi kamili, siku mbili za mwisho, dume yeyote halali. Mtu aliyemwacha wa 330 siku ya pili, kisha joto likaja na mlima ukanyamaza, hujilaumu kwa miaka.

Kisha kuna nyama, na kwangu hii ndiyo sehemu isiyo na msamaha. Dume ana kilo 300 na kitu, nyama safi isiyo na mfupa kilo 80 hadi 110. Kama umempiga kilomita 5 kutoka garini na kila mzigo ni kilo 25, mizigo ni angalau 5 pamoja na kichwa: kutoka mara 5, kurudi mara 4, kilomita 45. Panga msaidizi au mtu mwenye nyumbu kabla ya msimu. Mlaze ubavu, pasua ngozi mgongoni toka shingo hadi mkia, ivute chini, ondoa mkono, paja, steki ya mgongo na shingo, kisha mgeuze. Tumbo halihitaji kufunguliwa. Paja la nyuma ndilo huoza kwanza, kwenye kiungo cha nyonga, kwa sababu joto hubaki limefungwa kando ya mfupa hata nje kukiwa baridi. Lipasue hadi mfupani mara moja, liweke kwenye mfuko wa kitambaa kivulini penye upepo, wala usitumie plastiki. Acha alama ya jinsia kwenye nyama kama kanuni za jimbo zinavyotaka, ubongo na uti wa mgongo uvibakishe pale kama eneo lina ugonjwa wa kukonda, unaoharibu ubongo wa elki, na mzigo wa kwanza kushuka uwe mapaja.