Ratiba ya kengele haifai nyumbani

Kuna makala inayomshauri mzazi anayesomesha watoto wanne nyumbani aweke vipindi vya dakika 40 kama shuleni. Kwa watoto wa rika tofauti, ratiba hiyo itavunjika kabla ya saa nne. Kinachokwamisha ni foleni: wawili wamekwama kwenye hesabu, wa tatu anataka kusomewa, na mdogo keshamwaga uji juu ya daftari.

Anza na asiyejua kusoma bado, dakika 15 za silabi, akiwa ameshiba. Akichoka, ba na da huanza kufanana. Wakati huo wakubwa wafanye hesabu za marudio, si mada mpya. Swali likiwashinda, walizungushie duara kwa penseli na kuendelea na linalofuata.

Sayansi wafundishe wote pamoja: somo moja, kazi tofauti. Wa miaka 6 achore haragwe linavyochipua kwenye pamba, wa 11 apime mche kwa rula kila siku na kuchora grafu. (Pamba iwe na unyevu tu; ikielea majini mbegu itaoza.)

Na kusahihisha ni siku hiyohiyo. Mtoto aliyesahau kubeba kwenye kujumlisha ataujaza ukurasa mzima kwa kosa lilelile.