Buibui Kaingia Kwenye Buibui

Ndiyo, ni mimi. Ile sauti ya mayowe aliyoirusha shoga yangu kwenye grupu la harusi, akidai nilizimia, ni yangu. Lakini kaongeza chumvi: sikuzimia. Nilikaa chini tu, ghafla.

Tulikuwa London, bustani ya wanyama, chumba cha buibui wa utando wa dhahabu. Hakuna kioo, hakuna wavu. Mhudumu akatueleza kwamba hawaendi popote: jike akishatanda, utando ndio nyumba na ndio jiko, nzi analetewa mpaka mdomoni, aende wapi? Mume wake kama punje ya mchele, anajibanza pembeni asije akaliwa. (Msianze kunitajia waume zenu.)

Mimi nikajifanya mwalimu. "Hawa kwetu Tanga wamejaa miembeni," nikamwambia shoga, "wala hawana neno." Nikanyoosha mkono nimwonyeshe uzi unavyong'aa njano.

Mkono wa buibui langu ukanasa. Vazi, jamani. Twende polepole.

Uzi ule si wa mchezo. Nikivuta, nao unavuta. Kule katikati bibi mwenye utando akatikisika. Wale hawaoni sana, wanasikiliza uzi. Akageuka. Nikavuta tena, mjinga mimi, utando wote ukanifuata na mwenyewe juu yake. Mguu wa kwanza ukagusa kiwiko. Wa pili. Mrefu, mwembamba, unapapasa kama fundi cherehani anayechagua kitambaa. Akapanda begani bila haraka. Pumzi nimeifunga. Akafika shingoni, akafikiri kidogo, akazama ndani ya ushungi.

"Buibui! Buibui kaingia kwenye buibui!"

Shoga, hatua 3 nyuma, akiwa na simu mkononi: "Limechanika wapi?"

"Si langu! Wa miguu!"

"Limechanika miguuni?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwenye ukumbi mzima mwenye utulivu alikuwa mtoto wa miaka kama 5 aliyekuwa akinitazama mimi badala ya buibui.

Mhudumu akaja, akamtoa kwa kiganja, akamhesabu miguu yote minane, akamwomba radhi. Yeye, si mimi. Chai, basi, nyumbani.

Uzi wa njano bado umeganda kwenye mkono, nimefua mara mbili. Na wewe uliyebadilisha picha ya grupu, nakujua.