Waomani wasiokuwa na karafuu wala jahazi

Kwetu pwani ukimtaja Mwomani, picha inayokuja ni jahazi, karafuu, halua na kofia. Sawa, hao ndio tuliooana nao. Lakini katikati ya Oman wako Waharasis, ambao hawakuwa na jahazi wala mtende. Kwao ni Jiddat al-Harasis, uwanda wa mawe usio na mto wala chemchemi. Hata lugha yao ya asili si Kiarabu. Ni Kiharsusi, ndugu wa Kimahri, na Mwarabu wa Muscat akiisikia haambulii kitu.

Visima vilikuja miaka ya 1950 pamoja na watafuta mafuta. Kabla ya hapo waliishi kwa maziwa. Ukungu hupanda usiku kutoka Bahari ya Arabu na kulowesha vichaka. Alfajiri mbuzi na ngamia hula majani mabichi ya umande, na binadamu hunywa kinachotoka kwenye viwele. Ngamia walikuwa wa wanaume kuwatunza, mbuzi wa wanawake na watoto. Nyumba ilikuwa mti. Kivuli cha mgunga ndiyo sebule, na matawi ndiyo kabati: viriba vinatundikwa juu, mbuzi asifike.

Wengi huwajua Waharasis, kama wanawajua hata kidogo, kupitia choroa mweupe, mnyama wa jangwani wa jamii ya swala. Choroa wa mwisho mwituni waliuawa hapo mwaka 1972. Mwaka 1982 choroa wakarudishwa, Waharasis wakaajiriwa kuwalinda, na kufikia 1996 choroa hao walikuwa wamezaliana mpaka mia nne na zaidi. Kisha majangili wakaanza kuwakamata hai kwa ajili ya kuwauza. Mwaka 2007 walibaki 65 hivi, serikali ikapunguza hifadhi yao kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta, na UNESCO ikaifuta kwenye orodha yake ya Urithi wa Dunia. Haikuwahi kufuta eneo lolote kabla ya hapo.

Dunia ilimlilia choroa, nami sina ugomvi na machozi hayo. Kinachonikera ni kwamba hifadhi ilichorwa juu ya malisho ya watu, ikapunguzwa juu ya malisho yaleyale, na katika masimulizi mengi mwenye malisho ni mlinzi tu, au ni mtu wa mbuzi wanaoharibu mazingira. Mbuzi hao na choroa walikula umande mmoja vizazi na vizazi!

Siku hizi maji huletwa kwa gari. Shuleni katika mji wa Haima, hukohuko Jiddat al-Harasis, watoto wanasomeshwa kwa Kiarabu, Kiharsusi wanakikuta kwa bibi.