Choo Hakikuwa na Kosa

Mkazi wa Ruai, pembeni mwa Nairobi, ana pua sugu. Upepo ukitoka upande wa mabwawa ya majitaka ya jiji, tunafunga dirisha na kuendelea kula. Kwa hiyo asubuhi ile ploti nzima ilipotoka nje ikiwa imeziba pua, nilijua jambo ni zito. Kwamba lilikuwa jambo langu, hilo sikujua.

Nilikuwa nimepanda mahindi pamoja na soya kwa ajili ya ng'ombe wangu wawili. Mistari ya mahindi sentimita 75, shimo hadi shimo 25, na mstari mmoja wa soya katikati. Mbegu za soya nilizipaka rizobia, bakteria wanaoilisha soya naitrojeni ya hewani, kwa maji ya sukari, kivulini, nikapanda saa hiyo hiyo kwa sababu jua huwaua. Soya ilipoanza kutoa maua niling'oa mche mmoja na kupasua vinundu vya mizizi. Ndani vyekundu kama nyama, yaani vinafanya kazi. Nikajiona profesa.

Kisha mahindi yakabeba, na Ruai yote ikajua. Kila nikiamka, mabua kadhaa hayana kitu. Kila jioni, pale steji, jiko la makaa, ndimu, pilipili, na mahindi ninayoyafahamu kwa sura. Nilinunua moja. Lilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Nikaamua kukata kabla hayajaisha, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilitaka sileji, malisho mabichi yanayochachushwa bila hewa hadi asidi iyahifadhi. Mahindi yake hukatwa punje ikiwa nusu imeshakuwa ngumu na nusu bado ina maziwa. Soya nayo iwe maganda yamejaa, majani ya chini yakianza tu kugeuka manjano. Hapo mchanganyiko una maji kama asilimia 65 hadi 70. Punje zangu zilikuwa maziwa matupu. Tena mwizi wa mahindi huondoka na wanga na uzito mkavu. Mimi aliniachia mabua ya maji na soya iliyonawiri. Soya haifai kuzidi theluthi ya mzigo, yangu ilikaribia nusu. Ina protini nyingi na sukari kidogo, na protini hiyo huikaidi asidi isipande haraka. Bakteria wa kuchachusha wakichelewa, klostridia, bakteria waozeshaji wanaopenda majimaji, wanahamia na virago vyao.

Kipimo kipo, tena cha bure. Chukua konzi moja ya majani yaliyokatwa vipande vya sentimita 2 au 3, kamua kwa nguvu nusu dakika, fungua mkono. Bonge likiachia polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, shindilia. Juisi ikichuruzika, hukupaswa kukata vipande bado. Mimea ilale kwanza shambani inyauke. Yangu ilichuruzika hadi kiwiko. Nikajiambia labda ni molasi. Molasi nilikuwa sijaweka.

Nikashindilia hivyo hivyo kwenye mfuko wa nailoni wa geji 1000, tabaka la sentimita 15, nakanyaga, tabaka jingine, nakanyaga. Nikafunga, nikauegemeza nyuma ya nyumba, hatua tatu kutoka shimo la choo.

Wiki ya pili mfuko ukaanza kulia machozi ya kahawia chini. Harufu ilikuwa ya samli iliyooza ikamwagiwa matapishi ya mtoto.

“Baba Ng'ombe,” mama mwenye ploti akanigongea, “choo kimejaa. Kila nyumba mia tano.”

Nililipa wa kwanza, nikalaumu wale wa nyumba ya mwisho wenye wageni wengi.

Lori la kunyonya choo likaja, likanyonya hadi mpira ukakoroma. Harufu ikabaki pale pale. Dereva akavua kofia, akanusa kushoto, akanusa kulia, akatembea taratibu hadi kwenye mfuko wangu.

“Mzee, choo nakijua. Hiki si choo.”

Akaubonyeza kwa kidole. Fundo likafyatuka. Yule mtu, aliyekuwa ameshika mpira wa choo mchana kutwa uso wazi, akakimbilia kwenye lori kutafuta barakoa. Ng'ombe wangu wote wawili waligeuka wakatazama ukuta.

Nyumba kumi na moja zikaanza kudai mia tano zao papo hapo. Nikamvuta dereva kando, nikamwuliza bei ya kunibebea ule mzigo.

Akasema samahani, lori lake hubeba choo tu.