Filamu ya Turing na Wenzake Waliosahauliwa

Filamu ya The Imitation Game, iliyotoka mwaka 2014 huku Benedict Cumberbatch akiigiza kama Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyefumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, inasisimua, na sehemu inayoonyesha mateso ya Turing baada ya kuhukumiwa mwaka 1952 kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja inatia uchungu wa kweli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, imewadhulumu watu wengi, Turing mwenyewe akiwamo, kwa kuifanya kazi ya maelfu ya wafumbuaji na wasaidizi wao ionekane kuwa ya mtu mmoja anayepingwa na kila aliye karibu naye.

Wapolandi wametajwa kwa kupita tu, ilhali mwenzao Marian Rejewski aliifumbua Enigma, mashine ya jeshi la Ujerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, kwa hisabati tangu Desemba 1932, na Julai 1939, wiki chache kabla ya nchi yao kuvamiwa, Wapolandi hao waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa siri zote walizokuwa nazo. Gordon Welchman, mfumbuaji mwenzake Turing aliyeiboresha mno mashine ya Turing ya kutafuta mipangilio ya Enigma, hayumo kabisa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kazi yenyewe haionekani. Mfumbuaji alikisia maneno ya Kijerumani, tuseme ya taarifa ya hali ya hewa, akayapanga chini ya herufi za ujumbe wa siri, kisha akayasogeza nafasi moja moja. Popote herufi ya juu ilipofanana na ya chini, nafasi hiyo ilikataliwa papo hapo, kwa kuwa Enigma haikuweza kamwe kuigeuza herufi kuwa yenyewe. Mashine ya Turing ilijengwa juu ya makisio ya namna hiyo tangu mwanzo, lakini filamu inatuambia kwamba wazo lilimjia ghafla baa, akisikiliza mazungumzo ya msichana.

Kosa nisiloweza kulisamehe ni la John Cairncross. Kweli alikuwa jasusi wa Wasovieti, ila yeye na Turing walifanya kazi katika vitengo tofauti. Filamu inamwonyesha Turing akiujua usaliti huo na kunyamaza kwa kuogopa siri yake ya mapenzi ya jinsia moja isitoke. Huko ni kumsingizia marehemu uhaini, naye alikwisha kudhulumiwa vya kutosha na serikali aliyoitumikia.

Watengenezaji wa filamu hawakukosa visa vya kweli. Oktoba 1942 mabaharia wawili wa Uingereza, Tony Fasson na Colin Grazier, walizama pamoja na nyambizi ya Kijerumani U-559 baada ya kuokoa vitabu vya misimbo vilivyowawezesha wafumbuaji kuzisoma tena siri za nyambizi. Mwaka huo huo, Wajapani walipoishambulia Colombo, wafumbuaji wa Uingereza waliokuwa huko walihamishiwa Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, na mwezi Novemba wakaufumbua msimbo wa meli za biashara za Japani. Shule hiyo ingali inasomesha, na ningependa kuona kisa chake kikitengenezewa filamu na watu wa Pwani wenyewe.