Ufaransa inalipia kiraka, Mbeya tunakionea aibu

Hapa Lyon, Ufaransa, ninapoishi, ukipeleka suruali iliyochanika au kiatu kilichobanduka soli kwa fundi aliyesajiliwa, unakatiwa bei papo hapo. Mpango huo ulianza Novemba 2023. Punguzo lililotangazwa lilikuwa kati ya euro 6 na 25 kutegemea kazi, na zinazochangia ni kampuni zinazouza nguo na viatu nchini. Mfuko uliotangazwa ni wa euro milioni 154 hadi mwaka 2028. Bérangère Couillard, aliyeutangaza mpango huo akiwa serikalini, alisema Wafaransa hutupa tani 700,000 za nguo kila mwaka, na theluthi mbili yake huishia jalalani.

Kwa mtu aliyekulia Mbeya, habari hii inauma. Kitu ambacho nchi tajiri inakitafuta kwa mamilioni, sisi tunacho kila mtaa, na tunakiacha kife.

Nenda soko la Mwanjelwa, au Sido, pale Mbeya, asubuhi belo la mitumba likifunguliwa. Unachagua jinzi iliyokatwa kwa kiuno cha Mzungu mnene, unalipa, unasogea hatua chache tu, na kijana mwenye cherehani ya miguu anakupokea. Hakupimi hata kwa futi, anakutazama. Anapiga mstari wa chaki, anafumua mshono wa nyuma, anabana, anarudisha mkanda mahali pake, anakunja pindo. Unaondoka umeivaa. Koti likiwa limekufa zipu, yeye anayo zipu nzima aliyoing'oa kwenye koti lingine lililokwisha kazi, na vifungo amevihifadhi kwenye kopo la maziwa, kila rangi. Hakuna aliyemfundisha habari za mazingira. Lakini nguo aliyoiokoa leo itavuka baridi ya Juni na Julai, na mwakani itavaliwa na mdogo wa huyu aliyeinunua.

Na kwetu baridi si mchezo. Uyole, Makete, Njombe, sweta ni mali. Nimewaona akina mama wakifumua sweta lililotoboka viwiko, wakaukunja ule uzi upya, wakafuma la mtoto. Kazi ya aina hiyo huku wanaifundisha jioni, kwa kujiandikisha na kulipa ada.

Kwa nini huku Ufaransa kazi hiyo ilikufa? Kwa sababu ya gharama ya mkono wa mtu. Fundi wa hapa analipa pango, kodi na bima, kwa hiyo kubadilisha zipu ya koti kunakaribia bei ya koti jipya lililoshonwa Asia kwa ujira mdogo. Watu wakakoma kushona. Wamekua vijana wasiojua kupachika kifungo, na hilo nalisema kwa huzuni, maana nafanya nao kazi na ni watu wenye akili zao.

Wanaorudi kwenye sindano wanarudi kwa njia tofauti na yetu. Wengine walishtushwa na Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka karibu na Dhaka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Wengine waliingia kupitia vikundi vya kukarabati vitu pamoja, ambavyo Martine Postma alivianzisha Amsterdam mwaka 2009 na sasa vimeenea nchi nyingi. Ila nikiwatazama kwa makini, naona si mahubiri yanayowabakiza pale. Kinachowabakiza ni kiraka kinachoonekana. Wanachukua ushonaji wa Kijapani uitwao sashiko, uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu iliyokolea, wanaziba goti la jinzi kwa nakshi, kisha wanalivaa mbele za watu kwa majivuno. Kijana hafichi tena kwamba nguo yake ilitoboka.

Kwetu aliyevaa kaptula yenye kiraka shuleni alichekwa, na kicheko kile kimekaa ndani ya watu wazima hadi leo. Ndiyo maana wadogo zangu wanaona afadhali kununua shati jipya la poliesta lililoteremka kutoka Kariakoo au kuvuka Tunduma, ambalo baada ya kufuliwa mara chache linaachia mshono na kitambaa chenyewe hakishiki uzi tena. Siwalaumu hata kidogo. Hakuna aliyewaonyesha kwamba kurekebisha nguo ni ufundi wa kuheshimiwa na kulipwa. Hata kwenye vibanda vingi vya ushonaji, kazi ya kurekebisha hupewa mwanagenzi, huku fundi mkuu akibaki na suti na magauni ya harusi.

Najua kuna watakaosema dawa ni kuzuia mitumba. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kutuondolea unafuu wa ushuru kwenye soko lake, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikaupoteza unafuu huo kwa mavazi mwaka 2018. Mjadala huo ni wa wakubwa. Tangu 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na takataka nyingine, nami nahofia yatakayozidi ni mabelo ya nguo mbovu, na hasara itamwangukia mama wa Mwanjelwa anayelinunua belo bila kuliona ndani. Iwe mitumba imezuiwa au imeruhusiwa, mkono wenye sindano utahitajika.

Nafasi ipo sasa. Mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, umeanza kuingia sekondari tangu 2024, na chuo cha ufundi cha VETA kipo Mbeya. Naomba somo la ushonaji lisianzie na kuishia kwenye nguo mpya. Mwanafunzi afundishwe kufumua koti na kulijenga upya, kutia bitana ya kitenge kwenye jaketi la mtumba, kuziba tundu hadi liwe pambo, kisha afundishwe kupanga bei ya kazi hiyo. Iringa wameshaonyesha njia kwa namna yao: Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003, imewapa vijana wenye ulemavu kazi za ufumaji, ushonaji, shanga na karatasi, na wageni wanafika kununua kwa sababu vitu ni vizuri. Hawanunui kwa huruma. Kijana wa Mwanjelwa akipata jina na mteja wa namna hiyo, hutahitaji kumbembeleza ayajali mazingira.

Na sisi tulio nje tuache kutuma mabegi ya nguo nyumbani tukidhani tumesaidia. Nguo zipo. Kinachowakwamisha vijana wengi ni kukosa mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa kwa uzi zisifumuke, maana bila hiyo pindo la kitambaa cha kuvutika halikai. Huku viwanda vidogo vikifungwa huuza mashine zilizotumika ambazo bado ni nzima. Umeme wa kawaida wa Ufaransa na wa Tanzania wote ni volti 230, kwa hiyo mashine isiyo ya fezi tatu ni kubadili plagi tu. Tukichangishana wachache tunaweza kuiingiza moja kwenye kontena la Dar, ikapakiwa lori la Mbeya, wakaitumia vijana watano kwa zamu.